Moshi Ulikuwa Wangu, Lawama Akabeba Mke Wangu

Mama Ildefonsa mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba unisome mpaka mwisho ndipo unikasirikie, maana kila niliyetaka kumweleza jambo hili nimekosa pa kuanzia, na wewe wa gazetini angalau hunioni uso.

Mimi ni mkulima wa Kibimba hapa Ngara, nina migomba na kahawa kidogo, nina miaka thelathini na sita, mke wangu anaitwa Melania, kwao ni Nyabusozi kule Biharamulo, na tuna mtoto mmoja tu wa kike, Suzan, aliyetimiza miaka minne mwezi wa tatu, na tunaishi uwanja mmoja na mama yangu mzazi kwa sababu mimi ndiye kitinda mimba wake. Navuta tumbaku, si hii ya paketi, ni ile yetu tunayoikausha wenyewe na kuisokota kwenye karatasi yoyote, nimeivuta tangu nina miaka kumi na saba na hapa kwetu hakuna anayeshangaa, babu alivuta kiko mpaka anakufa, na mama husema harufu ya tumbaku inamkumbusha marehemu baba.

Kila asubuhi Melania akienda kisimani mimi ndiye nilikuwa nabaki na Suzan, nikamfunika kwa koti langu tukakaa kizingitini, yeye mkono wa kushoto na sigara mkono wa kulia, na nikishawasha nilikuwa nampa ile njiti ya kibiriti aizime, anavimbisha mashavu, anapuliza, anacheka, anasema baba tena, nami nawasha nyingine bure tu ili apulize. Sijui kama utanielewa, Mama Ildefonsa, lakini ile ndiyo saa niliyoipenda kuliko zote za siku, na sasa nikikaa peke yangu kwenye kizingiti hicho ndipo ninapolia.

Suzan alianza kubanwa kifua akiwa na miaka miwili. Mwaka jana alilazwa mara mbili, wakasema nimonia, akapona, ikarudi, na mwaka huu mwezi wa nne, mvua imekolea, tulimkimbiza hospitali kwa pikipiki mbavu zikiingia ndani kila akivuta pumzi, midomo imebadilika rangi, wakamwekea oksijeni. Daktari wa watoto pale alikuwa mama mmoja anaitwa Priscila, mpole sana. Siku ya tatu mtoto alipopata nafuu alitaka kumsikiliza mapafu, akasimamisha kidole chake mbele ya mdomo wa Suzan akamwambia, "Huu ni mshumaa, hebu uzime." Mtoto akakitazama kile kidole akasema, "Siyo mshumaa. Ni kibiriti cha baba." Akapuliza, pumzi ikaishia njiani, akaanza kukohoa.

Daktari akanigeukia taratibu, akaniuliza, "Baba, nyumbani kuna anayevuta?" Nilikuwa nimesimama na mke wangu na mama yangu, nikasema, "Hapana daktari, ni kibiriti cha kuwashia jiko." Melania alinitazama mara moja tu, kisha akatazama sakafu, maana mwanamke wa kwetu hamkanushi mumewe mbele ya mama mkwe na mbele ya wageni, na mimi nilijua hatanikanusha, ndiyo maana niliweza kusema. Mama alijua navuta, lakini kwake tumbaku si kitu cha kuua mtu, kwa hiyo hakuona kuwa nimeficha jambo la maana, yeye akadakia kwa Kiswahili chake cha Kihangaza, "Ni jiko rake huyu, daktari. Anapika mtoto yuko mgongoni, moshi wote unamwingia." Nami nikanyamaza.

Daktari hakubishana. Mchana ule alinifuata kwenye benchi la nje, akakaa karibu yangu, akasema, "Baba Suzan, koti lako limeshaniambia. Sikuulizi ili nikufedheheshe. Mimi ni daktari wa mtoto wako, na dawa ya mtoto huyu nusu iko kwenye kabati langu, nusu iko kwako. Ukitaka kuacha huna haja ya kutafuta daktari mwingine. Njoo hapahapa siku ya kliniki ya Suzan, nitawatibu wote wawili." Akaniandikia kwenye karatasi siku ya kliniki na namba yake ya simu. Nikamwambia asante daktari, lakini mimi sivuti. Nilisema hivyo karatasi yake ikiwa mkononi mwangu.

Tuliporudi nyumbani maneno ya mama yakaenea, kwamba daktari amesema jiko la Melania linaua mtoto, na daktari hakusema hivyo, lakini nani wa kumsahihisha kama si mimi. Baba mdogo Minani akaja kumkanya, akina mama wa jumuiya wakamsema, Melania akahamisha mafiga nje chini ya upenu, akawa anapika kwenye mvua amejifunika gunia kichwani, na mimi namtazama kutoka kizingitini, navuta. Mwezi wa sita kifua cha mtoto kikabana tena, mama akamwambia mbele yangu, "Wewe utanimalizia mjukuu." Melania alikuwa amesimama na sufuria mkononi, hakumjibu mama, alinigeukia mimi, akanisubiri niseme. Alinisubiri muda mrefu. Asubuhi yake akamfunga Suzan mgongoni akaenda kwao.

Sasa ni miezi miwili. Shemeji yangu Yohanes, kaka yake Melania, hunipigia simu, ananiambia mtoto anakimbia na mbuzi, tangu wiki ya pili hajakohoa, hata ile dawa ya kifua aliyopewa hospitali, ya kuvuta kwa mdomo, hawajaigusa. Nikamuuliza kwani huko wanapikia wapi, akashangaa, akasema, "Kwa mama, shemeji, ndani, mafiga matatu na kuni. Wapi tena?" Nilikuwa nimesimama shambani, nikakaa chini palepale.

Na sasa nikwambie lililo baya kuliko yote. Wiki ileile Melania alipoondoka nilikuwa na tumbaku sina karatasi, nikapapasa koti nikapata kipande, nikasokota, nikawasha, na nilipovuta mara ya pili nikaona namba za daktari zinaungua zikija mdomoni kwangu. Sikuizima. Niliivuta mpaka mwisho.

Nimejaribu kuacha mara tatu tangu hapo, mara ya mwisho nilifika siku tisa, mikono inatetemeka, nagombana na mama kwa sababu ya chumvi, nikarudia. Na Jumapili ya mwisho ya mwezi huu baba mdogo Minani na wazee wawili wanakwenda nami Nyabusozi na pombe ya ndizi kumrudisha Melania, na desturi unaijua, pombe haionjwi mpaka msemaji wa wakwe aulize kosa lilikuwa la nani na mwenye kosa alitaje kwa mdomo wake. Baba mdogo ameshapanga kwamba Melania atalitaja lile la jiko. Na Melania ametuma neno kwa Yohanes kwamba atakubali, atasema ni yeye, ili yaishe arudi nyumbani kwake. Ameshakubali kusema uongo wangu kwa mdomo wake.

Nikisema ukweli mama yangu ataaibika na wakwe watanidharau maisha yangu yote. Nikinyamaza mtoto atarudi kwenye kizingiti kile. Mara nyingine nawaza niivuruge safari wasirudi kabisa, Suzan akulie kwa bibi yake akiwa mzima, kuliko kurudi kwa baba asiyeweza kuacha. Mama Ildefonsa, nifanye nini?

Ni mimi, Baba Suzan,
Kibimba, Ngara.

*

Baba Suzan, marahaba.

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Pale penye karatasi niliiweka barua yako mezani nikatoka nje kwanza, nikarudi nikamaliza. Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto miaka ishirini na sita hukohuko Biharamulo, na nimeona akina baba wengi wakisema "mimi sivuti, sista" na vidole vyao vya njano vimeshika kadi ya mtoto. Kwa hiyo umenihuzunisha, lakini hukunishangaza.

Sitakwambia hukumpenda mtoto. Ulimpenda, na ulimpa sumu, asubuhi ileile na kwenye kizingiti kilekile, na itakubidi uishi ukiyajua yote mawili. Tumbaku pia sitaifanya kuwa kosa lako kubwa, maana ilikushika ukiwa kijana mdogo, na kitu kilichomshika mtu miaka kumi na tisa hakimwachii kwa kukemewa na mama wa gazetini. Kosa lako kubwa ni kinywa chako. Ulifunguliwa mlango wodini, ukafunguliwa kwenye benchi, ukafunguliwa pale uwanjani mwanamke amesimama na sufuria akikusubiri, na mara zote tatu neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, "mimi." Ukamwacha mwenzako apike kwenye mvua. Wewe mwanamume, hukuona hata haya ya kwenda kumshikia lile gunia?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha maradhi yako kwenye kifua cha mtoto, kwa hiyo kifo kikija hakitaanza na wewe. Lielewe hilo kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu.

Unasema huwezi kuacha. Nilimpigia simu daktari mmoja wa watoto niliyefanya naye kazi, Daktari Rogasian, bila kumtajia kijiji chako. Aliniambia wazazi kama wewe huwaona kila wiki, na kwamba ni afadhali wakutane naye kuliko na daktari wa watu wazima, kwa sababu mwanamume wa kijijini haendi hospitali kwa ajili yake mwenyewe, anakwenda kwa ajili ya mtoto. Akimkosa hapo amemkosa kabisa. Nilipomwambia umeshindwa mara tatu alicheka kidogo, si kwa dharau. Akasema, "Dada, mtu aliyefika siku tisa bila msaada wa mtu anaweza. Alikuwa peke yake, ndilo tatizo."

Nikamuuliza yeye humfanyia nini mtu kama huyo. Akasema kwanza humuuliza ya kwanza ya siku anaivuta saa ngapi na akiwa wapi, maana hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, na yako sote tunaijua iko wapi. Kisha wanapanga siku ya kuacha, tarehe kabisa, wanaiandika kwenye kadi ya mtoto ili isipotee. Zipo dawa za kupunguza ile hamu na kutetemeka, mahali pengine zinapatikana na pengine hapana, kwa hiyo uliza usione aibu, na ukiambiwa hazipo usiondoke, kwa sababu nusu ya tiba ni kuulizwa tena. Baada ya wiki atakupigia simu. Mtoto akija kupimwa, nawe unapimwa kwa maswali. Ukiteleza unarudi unasema nimeteleza, na hakuna anayekufukuza. Hayo ndiyo Daktari Priscila alikuwa anakupa siku ile, na ukamwambia asante, sivuti.

Namba imeungua. Benchi halijaungua. Nenda siku ya kliniki ya watoto, hata kama huna mtoto mkononi, ukae pale mpaka akuone. Nenda kabla ya hiyo Jumapili, nenda peke yako, na neno la kwanza liwe, "Daktari, nilikudanganya." Hatashangaa, koti lilishamwambia. Na usijidanganye kwamba utavutia migombani halafu uingie ndani ukiwa msafi. Moshi unalala kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye blanketi, na mtoto wako alikuwa anafunikwa na koti hilohilo kila siku ya Mungu.

Sasa mama yako. Mweleze nyumbani, mkiwa wawili, kabla ya safari. Usimwache ayasikie kwa wakwe, hiyo ndiyo aibu unayoiogopa na wewe ndiye utakayekuwa umemtengenezea. Atakataa. Atakutajia babu na kiko chake na marehemu baba yako na harufu yake. Msikilize, mwache alie kama atalia, kisha mwambie alivyosema Yohanes kuhusu mafiga matatu ya Nyabusozi. Halafu mfuate baba mdogo Minani umwambie maneno aliyoyapanga hayatasemwa.

Na hapa nitakuwa mkweli hata kwa upande usiokusaidia. Moshi wa kuni nao ni mbaya kwa kifua cha mtoto, mama yako hakuota. Lakini jiko la mke wako, ambalo naamini halina dirisha kama mengi ya huko, lilijengwa na nani? Mikono yako ikianza kutetemeka asubuhi ipe tope na fito. Toboa dirisha, inua paa la jiko upande mmoja moshi utoke, rudisha mafiga ndani mahali pake. Utakuwa na kazi ya kutosha kwa zaidi ya siku tisa.

Jumapili ikifika, nenda Nyabusozi. Pombe ikiwekwa katikati na msemaji akiuliza kosa ni la nani, usingoje Melania afungue mdomo. Simama wewe. Sema ulivuta, sema ulimdanganya daktari, sema ulimwacha mke wako abebe, sema mbele ya baba yake na kaka zake na mama aliyempikia Suzan kwa kuni miezi miwili mtoto akawa mzima. Wakikudharau, wavumilie. Yeye alivumilia zaidi na hakuwa na kosa.

Kisha, na hili ndilo utakalolichukia, usiwarudishe siku hiyo. Hata wakikubali, hata baba mdogo akikasirika kwamba pombe imekwenda bure. Waombe wakae kwanza. Rudi Kibimba mikono mitupu, timiza muda utakaopangiwa na daktari, na huyohuyo daktari ndiye aseme lini kifua cha mtoto kinaweza kulala tena kwenye nyumba ile. Baada ya hapo atakayeamua ni Melania, si wazee wala wewe. Anaweza kuamua asirudi. Sikuahidi kitu, Baba Suzan. Mwanamke akisubiri neno muda mrefu vile, kuna kitu humtoka ambacho pombe ya ndizi hairudishi. Lakini lile wazo la kuivuruga safari ili mtoto akulie mbali na wewe liache. Unaliita upendo, na mimi naona ni njia nyingine ya kunyamaza.

Nina neno pia kwa madaktari wa watoto mnaotusoma. Endeleeni kuuliza, hata mkidanganywa. Lakini baba muulizeni akiwa peke yake, msimuulize mbele ya mama yake na mkewe, maana kwetu hapo mtu atatetea heshima yake kwanza na mtoto atafuata baadaye. Daktari Priscila alilitambua hilo akaenda kwenye benchi, na ningemwomba siku nyingine aanzie kwenye benchi.

Baba Suzan, ikiwa Suzan atarudi, asubuhi ya kwanza mama yake akienda kisimani mtoto atakuja kizingitini na mashavu yamevimba, akitaka kibiriti. Hatakuwa amesahau, watoto hawasahau michezo yao. Usimpe. Msimamishie kidole kama alivyofanya daktari, apulize mpaka achoke, nawe usikilize pumzi yake inafika wapi. Kisha mnyanyue. Mkono wa kulia siku hiyo utakuwa hauna kitu, kwa hiyo mbebe kwa mikono yote miwili.